Kansa imetoka tumboni ikahamia ovari zote mbili, atolewe ovari au apewe dripu za dawa ya kansa tu?

KakaMtu_Kahama

Wakuu habari za jioni, naomba mnivumilie maana itakuwa ndefu na naandika kichwa hakijatulia.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 38, watoto wawili, wa mwisho yuko darasa la pili. Kwa karibu miaka miwili amekuwa akitibiwa vidonda vya tumbo, anapewa omeprazo pale duka la dawa anapata nafuu wiki mbili tatu halafu inarudi, hakuna aliyeona kama ni kitu kikubwa maana nani siku hizi hana vidonda vya tumbo. Mwezi wa tatu tumbo la chini likaanza kujaa, majirani wakawa wanamuuliza kama ni mjamzito, na yeye mwenyewe akanunua kipimo cha mimba akapima kimyakimya, hakuna kitu. Akaenda kupiga ultrasaundi akaambiwa kuna uvimbe kwenye ovari zote mbili, kulia sentimita 13, kushoto 9, na maji kidogo tumboni. Damu ikapimwa CA-125, kipimo kinachoweza kuashiria kansa ya ovari, ikasomeka juu. Hospitali (sitaitaja) wakasema hii ni kansa ya ovari, Jumatatu anaingia tieta anatolewa kizazi na kila kitu.

Ndugu tukachangia damu, mimi mwenyewe nikasafiri usiku kucha. Jumapili jioni intani mmoja kijana akapita wodini kuchukua maelezo upya, akamuuliza mdogo wangu, mama unakula vizuri? Akamjibu tangu Desemba nikila vijiko vitano vya wali najisikia nimeshiba kama nimemaliza sahani. Yule kijana akarudia swali mara mbili, akaandika kwenye faili, na asubuhi oparesheni ikaahirishwa eti apelekwe kwanza endoskopi, ile kamera inayopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Kwa kweli tulikasirika sana siku ile. Mimi nilimfokea nesi, Mungu anisamehe.

Endoskopi ikakuta ukuta wa tumbo la chakula umekuwa mnene na kuna kidonda, wakanyofoa vipande, majibu yakaja baada ya siku 16: kansa ya tumbo, seli zenye umbo la pete. Wakasema uvimbe wa kwenye ovari ni hiyohiyo imehamia huko. CT skani inasema ini na mapafu ni safi, kuna tezi zimevimba karibu na tumbo, ovari zote mbili, na maji kidogo.

Sasa ndipo tulipokwama. Daktari wa wanawake anasema ovari zitolewe mapema maana ni kubwa na zinaendelea kukua. Daktari wa kansa anasema hapana, aanze dripu kwanza ndio tuangalie. Mjomba anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa kwa hiyo asiguswe kabisa. Mama kazi yake ni kulia. Mimi ndiye nategemewa kusema neno la mwisho na sijui chochote. Je kuna mtu amepitia hii? Kutoa ovari wakati kansa imetokea sehemu nyingine kunasaidia kuishi zaidi au ni kumtesa tu?

Mama Naima

Pole sana kaka. Mwenyezi Mungu ampe wepesi. Sina utaalamu ila huyo kijana wa intani mumtafute mumshukuru, wengi wangekatwa kwanza halafu ndio wajue.

TabibuWaDarubini

Pole sana ndugu yangu. Nafanya kazi maabara ya patholojia, hizi sampuli napokea mimi, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua halafu ya matibabu mtamalizana na madaktari wake walioshika faili.

Kwanza kabisa hiki alichonacho mdogo wako kina jina, kinaitwa uvimbe wa Krukenberg. Ni daktari wa Ujerumani, Friedrich Krukenberg, aliueleza mwaka 1896 na yeye akadhani ni ugonjwa unaoanzia kwenye ovari kwenyewe, ikapita miaka kadhaa ndio wenzake wakaonyesha kwamba ni mgeni tu, umetoka kwingine, mara nyingi tumbo la chakula. Nakwambia hivi ili usiwalaumu sana wale wa mwanzo, hata aliyepewa heshima ya jina aliukosea. Ukiangalia kwa darubini unaona seli imejaa utelezi ndani, kiini kimesukumwa pembeni kabisa, inakuwa kama pete yenye kito, ndiyo hizo seli za pete ulizosomewa.

Kuna mambo kwenye maelezo yako ambayo yananifanya niamini wamepatia. Pande zote mbili, maana hizi za kuhamia karibu asilimia 80 zinashika ovari zote mbili. Umri, zinapenda wanawake ambao bado wanaona siku zao, ovari ikiwa bado inafanya kazi ina damu nyingi na seli zinazosafiri zinapata pa kushikia. Na kidonda cha tumboni kinaweza kuwa kidogo sana huku ovari zimekuwa kama embe dodo, ndio maana mtu anakuja analalamikia tumbo la chini wakati mzizi uko juu. CA-125 nayo isiwachanganye, inapanda kwenye vitu vingi. Waulize kama walipima na CEA, kipimo kingine cha damu cha alama ya kansa, kwa sababu ukigawa CA-125 kwa CEA ikatoka zaidi ya 25 hapo unaegemea kansa ya ovari yenyewe, ikiwa chini ya hapo na CEA iko juu unaanza kuwaza utumbo au tumbo.

Jambo jingine nakuomba sana, siku atakapofanyiwa chochote hakikisheni fomu ya maabara imeandikwa historia yote, kwamba ana kansa ya tumbo na lini iligundulika. Huwa nafunguliwa kopo la ovari fomu imeandikwa "uvimbe wa ovari" basi, neno moja zaidi hakuna, naanza kuhangaika peke yangu. Tuna rangi maalumu za kutofautisha chanzo, PAX8 inaelekeza ovari yenyewe, CDX2 na CK20 zinaelekeza njia ya chakula, lakini ni gharama na si kila maabara inazo, sentensi moja ya historia inaokoa wiki mbili.

Sasa swali lako la kutoa au kutotoa. Wote wawili wana hoja na hawapingani kama unavyodhani. Tafiti nyingi za hili zinatoka Korea, China na Japani kwa sababu wao kansa ya tumbo wanayo kwa wingi, na karibu zote zinaonyesha waliotolewa ovari na kupewa dripu waliishi muda mrefu kuliko waliopewa dripu tu, tofauti mara nyingi ni ya miezi, kwa wengine inafika mwaka na zaidi. Lakini hapo pana mtego. Nyingi ni za kufungua mafaili ya zamani, na aliyepelekwa tieta ni yule aliyekuwa na nguvu na ugonjwa haujasambaa sana, aliyeachwa ni yule aliyekuwa hoi. Kwa hiyo sehemu ya hiyo tofauti ilikuwepo kabla kisu hakijaguswa. Mtu asije akakuuzia kwamba oparesheni inaponya. Kwa kansa ya tumbo iliyofika kwenye ovari, wengi tunaongelea mwaka, mwaka na nusu, miwili kwa waliobahatika, na wapo wachache waliovuka hapo. Nisamehe kwa kusema wazi, umesema wewe ndiye unategemewa, ni bora ujue.

Kinachoamua ni mambo haya hasa: ugonjwa uko kwenye ovari tu au umetapakaa kwenye utando unaofunika viungo vya ndani ya tumbo? Daktari akiingia ataweza kutoa chote kinachoonekana au ataacha mabaki? Maji ni mengi? Na yeye mwenyewe anatembea, anakula, au amelala tu? Aliyetolewa chote pasibaki kitu ndiye anayefaidi, aliyeachiwa mabaki faida inapungua sana, wakati mwingine inabaki maumivu ya mshono tu.

BintiMtoro

Mimi nimepitia ila ya kwetu ilitoka utumbo mpana, mama yangu mzazi. Alikatwa kipande cha utumbo akapona vizuri, akala dripu zake zote, mwaka mmoja na miezi minne baadae tumbo likaanza kujaa tukadhani ni kitambi kwa sababu alikuwa amenenepa. CT ikaonyesha ovari ya kushoto imekuwa kubwa na ya kulia imeanza. Ini safi. Tukarudishwa kwenye dripu mizunguko minne, tukapiga tena CT, tezi zilizokuwepo zimesinyaa zote lakini ovari imeongezeka sentimita tatu. Yani dripu hiyohiyo mwili mmoja huohuo, huku inasikia kule haisikii! Daktari akatuambia hiyo wanaijua, ovari kwa kansa ya utumbo huwa ni maficho, dawa haziipigi vizuri kama zinavyopiga sehemu nyingine, ndio akasema hii itoke.

Ilitoka. Na kwa sababu hospitali ile haikuwa na maabara ya patholojia nilikabidhiwa mimi kopo niipeleke mwenyewe. Lilikuwa ndoo ndogo ya plastiki ya lita nne, mfuniko umezungushiwa plasta, jina la mama limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nimepanda nayo daladala nimeipakata mapajani, fomalini inanuka inauma macho, abiria wa pembeni ananiuliza dada umebeba nini nikamwambia dawa. Mpaka leo nikisikia harufu ile natafuta pa kukaa.

Mama aliishi miaka minne baada ya hapo. Miaka mitatu ya mwanzo alikuwa analima bustani yake ya mchicha na alimuona mjukuu. Sisemi mdogo wako atapata hivyo, utumbo na tumbo ni tofauti, nilishaambiwa hata wakati ule kwamba ya utumbo ina nafuu kidogo. Lakini usikubali mtu akwambie kutoa ovari ni kumtesa tu. Mama aliteseka siku kumi, akapata miaka.

Mzee wa Ifakara

Naheshimu uliyosema binti, na mimi niseme ya upande wangu asije kijana akasikia upande mmoja.

Shangazi yangu ilikuwa tumbo kama huyo. Tumbo limejaa maji, wanamtoa lita tano baada ya siku nne yamerudi. Hajiwezi hata kukaa. Hospitali moja wakasema tunaingia kutoa ovari. Waliingia, wakakuta utando wote wa ndani umejaa vipele kama mtama uliomwagwa, wakatoa ovari moja nyingine imeshikana na utumbo wakaiacha, wakafunga. Kidonda kikagoma kufunga kwa sababu chakula haingii na maji yanavujia kwenye mshono. Dripu za kansa zikasogezwa mpaka kidonda kipone. Hakikupona. Alifariki wiki ya tisa akiwa hajapata dripu hata moja. Mimi ndiye nilikuwa nambadilishia vitambaa, najua ninachosema.

Kinachoniuma mpaka leo hakuna aliyetukalisha kikao akatuambia kuna uwezekano wa kukuta hali hiyo. Tuliambiwa tu leteni damu chupa tatu. Kijana, uliza kabla. Uliza mkikuta imetapakaa mtafanya nini, mtamfunga au mtaendelea kukata? Wakujibu mbele ya mama yako.

TabibuWaDarubini

Mzee wa Ifakara pole sana, na asante. Hapo umesema kitu ambacho vitabu vinakisema kwa lugha ya kukwepa.

@KakaMtu soma hizi habari mbili, ya mama yake BintiMtoro na ya shangazi yake Mzee, utaona hazipingani. Mmoja alikuwa na nguvu, ini safi, chanzo kilishatolewa, uvimbe uko kwenye ovari peke yake, ukatoka wote. Mwingine maji yamejaa, utando umeshambuliwa, hana nguvu. Kisu ni kilekile, wagonjwa ndio tofauti.

Kuhusu kuanza na dripu, daktari wa kansa hajakosea. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Japani, Korea na Singapore ukatoka mwaka 2016, unaitwa REGATTA, huu si wa kufungua mafaili, waliwagawa wagonjwa wa kansa ya tumbo iliyosambaa makundi mawili, kundi moja wakakatwa tumbo kwanza ndio dripu, kundi la pili dripu tu. Waliokatwa hawakuishi zaidi. Ule ulikuwa wa kukata tumbo lenyewe, si ovari, usije ukautumia kumjibu daktari wa wanawake. Ila unafundisha kwamba ugonjwa ukishaanza kusafiri, dawa inayozunguka mwili mzima ndiyo ya kutangulia, kisu kinafuata kwa yule ambaye dawa imeonyesha kumshika. Miezi miwili mitatu ya dripu inakupa jibu pia: kama ugonjwa unakimbia huku yuko kwenye dawa basi oparesheni isingemsaidia, na kama umetulia ovari zikabaki ndizo tatizo, hapo zinatolewa.

Isipokuwa kama uvimbe unamsumbua sasa hivi. Ukijinyonga, ukipasuka, ukiziba mkojo au choo, ukimbana asipumue, hapo haisubiriwi dripu, unatolewa kwa ajili ya kumpa nafuu, na hiyo nayo ni sababu halali kabisa hata kama haiongezi siku.

Waulizeni pia kama kile kipande cha endoskopi kilipimwa HER2, protini inayokuwa nyingi kwenye seli za baadhi ya kansa. Ikiwa chanya kuna dawa ya kuongezea juu ya dripu, trastuzumab, tangu 2010 inajulikana inaongeza maisha kwa kansa ya tumbo ya aina hiyo. Niwe mkweli, hizi za seli za pete mara nyingi zinatoka hasi, lakini kuuliza si gharama.

Na mjomba mwambie kwa heshima, kansa haisambai kwa kuona kisu. Hii ya mdogo wako imesafiri yenyewe mpaka kwenye ovari bila mtu kumgusa. Imani hiyo inatokana na watu kupelekwa hospitali wakiwa wamechelewa, wanafunguliwa, wanafungwa, wanafariki, kisu ndio kinabeba lawama.

Nyawira254

Pole sana ndugu, nawafuata kutoka Nakuru. Yangu ilikuwa ya matiti, ile inaitwa lobula, hiyo nayo inapenda sana kutembea hadi kwa ovari na kwa tumbo. Nilikuwa na miaka 43. Kwangu ovari zilitolewa zote mbili na daktari aliniambia wanaua ndege wawili, wanatoa uvimbe na pia wanakata homoni yenye ilikuwa inalisha kansa, kwa hivyo hiyo ya matiti hesabu yake ni tofauti na ya tumbo, usilinganishe.

Nimeingia kuandika kwa sababu ya kitu kimoja hakuna mtu ameguza. Huyo dada ana miaka 38. Akitolewa ovari zote leo, kesho asubuhi amekoma hedhi, si polepole kama wamama wengine, ni mara moja. Mimi sikuambiwa. Usiku wa tano nimeamka leso imelowa chapa, nikadhani ni homa, ni infekshoni ya mshono, nikaamsha watu nyumba nzima. Nililala kwa simiti mwezi mzima maana kitanda kilikuwa moto. Usingizi ukapotea, nikawa nalia bila sababu, mume wangu anauliza nimekosea wapi na mimi sijui nimjibu nini. Ningeambiwa mapema tu ningejipanga. Mwambieni. Na mwambieni na mumewe, aki msimwache nje ya hayo mazungumzo.

Huu ni mwaka wangu wa sita.

MtiShamba Original

Mkuu kwa nini msijaribu dawa asili kwanza, kuna mzee Tabora anatoa mizizi inayeyusha uvimbe, ni PM nikupe mawasiliano.

BintiMtoro

Ndugu yangu naomba hii iishie hapa. Mama alitumia unga wa mizizi wiki tatu katikati ya dripu bila kutuambia, vipimo vya figo vikapanda vibaya dripu ikasimamishwa mwezi mzima. @KakaMtu chochote anachokunywa mdogo wako daktari wake akijue, hata kama ni chai ya mwarobaini.

KakaMtu_Kahama

Nimesoma zote, nyingine nimemsomea mama kwa sauti. Ya Mzee wa Ifakara mama alininyamazisha katikati halafu baadae akaniambia nimalizie. Kesho kutwa tuna kikao, nimeomba madaktari wote wawili wakae na sisi meza moja na wamekubali. Nimeandika maswali kwenye daftari la mtoto. Asanteni sana, nitarudi.

KakaMtu_Kahama

Wakuu nimerudi, imepita kama miezi mitano, wengine mmenifuata inbox samahani sikuwa na maneno.

Kikao kilienda vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilisoma maswali moja moja kutoka kwenye daftari. Nilipofika lile la Mzee, mkikuta imetapakaa mtafanya nini, chumba kilikaa kimya, halafu daktari wa upasuaji akasema swali hilo huwa tunasubiri ndugu waulize, na tusingoje. Akasema hatuingii na kisu kikubwa kabla ya kupitisha kamera kwa tundu dogo tuangalie utando, tukikuta vipele tunafunga hapohapo na anaendelea na dawa. Wakakubaliana dripu kwanza. Rufaa ikaandikwa, tukaja Dar, dripu zimeanzia Ocean Road, hospitali ya kansa. HER2 ilipimwa, hasi kama ulivyosema Tabibu. CEA ilikuwa juu.

Mizunguko minne. Wa pili ulimlaza, nywele ziliisha, midomo ikawa na vidonda hata maji yanamuuma. Baada ya wa nne CT ikarudiwa na ikawa kama ya mama yake BintiMtoro neno kwa neno, tumboni ukuta umepungua unene, tezi zimesinyaa, maji yamekauka, ovari ya kulia imetoka 13 imefika 15. Niliposoma namba hiyo kwenye korido nilikaa chini. Kama nisingekuwa nimesoma hapa ningejua tumeshindwa, kumbe daktari yeye alikuwa ameridhika, anasema ugonjwa umeshikwa isipokuwa hapo.

Kamera ikapita, utando msafi, na maji waliyoyaosha ndani wakayapima hayakuwa na seli. Siku iliyofuata ovari zote mbili zikatolewa. Hakuna kilichoonekana kimebaki huko chini. Nilibeba na mimi ndoo, BintiMtoro, nilikukumbuka. Fomu niliisoma kabla sijaondoka dirishani, ilikuwa imeandikwa "uvimbe wa ovari" basi, nikarudi nikamwomba daktari aongeze, akaongeza mstari: kansa ya tumbo, seli za pete, baada ya mizunguko minne ya dripu. Majibu yalitoka siku ya tisa, ni ileile ya tumbo.

Tumbo lenyewe hawajalikata na wamesema kwa sasa hawaahidi, wataangalia baada ya mizunguko mingine mitatu, na walituambia wazi mbele yake kwamba hawazungumzii kupona, wanazungumzia muda. Yeye ndiye aliuliza muda gani. Wakamjibu kwa ukweli. Alitikisa kichwa akasema basi nataka niwepo mtoto akianza la tatu. Januari hiyo.

Anakula. Juzi kamaliza bakuli zima la mtori, polepole, karibu saa nzima, mama amekaa mbele yake anajifanya anachambua mchele.

Na intani nilimtafuta kwa simu kupitia yule nesi niliyemfokea, nikaanza kwa kumwomba nesi msamaha. Kijana amehamishiwa mkoa mwingine. Aliponipokea aliuliza kwanza, anashiba bado mapema?

@Nyawira254 dada yangu, lile joto limeanza, usiku wa sita, kama ulivyosema. Tulishamwambia yeye na mumewe kwa hiyo hakuogopa, lakini halali. Madaktari wanasema homoni za kumrudishia wataamua baadae. Wewe ulifanya nini ukaweza kulala?

Nyawira254

Nimefurahi hadi nimetoa machozi kwa matatu. Mwambie apulizwe na feni ndogo ya betri karibu na mto, alalie leso mbili za pamba abadilishe moja ikilowa bila kuamka kuwasha taa, chai na pilipili asiguze jioni. Kuna vidonge si vya homoni daktari alinipea vilipunguza, vinatumika pia kwa mfadhaiko, amuulize daktari wake kama vinaelewana na dripu zake kwanza. Kwangu ile kali ilichukua kama miezi minne. Nitumie namba yake inbox akikubali, nimpigie jioni tuongee kina mama.